Fundi Ngazi na Moyo Ulioambiwa Umetulia

Kila asubuhi, akienda kununua mkate, marehemu alisimama mbele ya duka la makufuli lililo katikati ya mwinuko wa mtaa wake, akayatazama kama mtu anayetaka kununua. Mwenye duka alimzoea.

"Mzee Ngazi, leo unachukua au unakodoa macho tu?"

"Bado nachagua, bwana. Usinikimbize."

Hakuwa na haja ya kufuli. Alikuwa anasubiri kifua kiache kumbana, ndipo amalizie mwinuko.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1957, mtoto wa tatu kati ya saba wa fundi viatu na mkunga. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1971, kisha akajifunza kupaka rangi katika chuo cha ufundi. Mwalimu wake alimwambia mama yake, "Mwanao mkono hautetemeki, ila mdomo haufungi." Jina la Ngazi alilipata huko, kwa urefu wake, na kwa sababu hata chakula cha mchana alikilia juu ya ngazi.

Kwa zaidi ya miaka thelathini alipaka shule, zahanati na nyumba za watu. Dari ndizo alizozipenda. Huko juu aliimba kwa sauti mbaya, na wenye nyumba walimvumilia, maana kazi yake haikuacha mchirizi hata mmoja.

Mkewe alikuwa muuzaji katika duka la rangi. Marehemu alirudi pale siku nne mfululizo kununua kopo dogo la rangi nyeupe. "Kaka, hiyo nyumba inakunywa rangi?" muuzaji akamuuliza. "Nyumba ilikwisha juzi, dada. Mimi ndiye sijakwisha." Walifunga ndoa tarehe 10 Desemba 1983, wakajaliwa watoto watatu.

Mwaka 2016, akipandisha ndoo ya rangi ghorofani, kifua kilimbana kama kimekazwa mkanda, maumivu yakamshuka mkono wa kushoto. Hospitalini walisema mishipa ya moyo imekuwa myembamba. Alipewa vidonge vya kila siku, na kingine cha kuweka chini ya ulimi maumivu yakija. Kila alipokwenda kliniki, akisindikizwa na binti yake wa mwisho, mazungumzo yalikuwa yaleyale.

"Maumivu yameongezeka?"

"Hapana, daktari."

"Vizuri sana, mzee. Moyo umetulia."

Nyumbani habari hiyo ilipokewa kwa furaha. Lakini maumivu hayakuongezeka kwa sababu yeye alikuwa akipunguza shughuli zake. Kwanza aliacha kazi. Akaacha kuimba, kwa kuwa pumzi haikumtosha. Akaacha kumbeba mjukuu, akamwambia, "Babu yako mvivu, tembea mwenyewe." Akahamia chumba cha watoto kulala, mkewe hakuuliza, naye hakueleza. Kwenye harusi za watu alikaa karibu na mlango, kisha akaacha kwenda. Mwisho hata mkate akawa analetewa. Ikapita miezi bila kifua kumuuma hata mara moja, naye akishinda kitini, ameukodolea ukuta macho.

Alifariki Alhamisi, tarehe 2 Oktoba 2025, saa kumi alasiri, akiwa kwenye kiti hichohicho. Hakuwa amenyanyua chochote, wala kupanda popote.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanne na dada wawili. Ni vigumu kwa familia kumtakia mapumziko, kwa jinsi alivyopumzika akiwa hai. Mungu ampe amani, hiyo inatosha.

Jumapili iliyotangulia kifo chake, binti yake wa mwisho, ambaye miaka yote ya kliniki alimwonea haya na hakumuuliza neno, alikaa naye mezani akamuuliza, "Baba, kama maumivu yangeisha kabisa, ungeanza na nini?"

Marehemu alikisogeza kikombe cha chai pembeni.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Nimeshasahau nilikuwa napenda nini."