Bi Evodia Aliyelikatalia Kokoro Bwawani Kwemkole

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, Bi Evodia Ponsiano, nahodha wa mashua ya Ushirika wa Wavuvi wa Bwawa la Kwemkole, anastaafu tarehe 30 Juni. Anastaafu kwa sababu ya umri. Hajachoka, na ameniagiza niliandike hilo mwanzoni kabisa.

Alizaliwa kambi ya mkonge, Korogwe, akaja Handeni kwa ndoa. Siku hizo kazi ya mwanamke hapa bwawani ilikuwa kuparua samaki. Walipomwambia mashua si mahali pake, alipanda akakaa, na hakuna aliyethubutu kumshusha.

Uvuvi wetu ni wa kukokota: mashua inakwenda, nyuma inaburuta mishipi yenye visamaki vya mti, na vipande vya risasi vya kuvizamisha. Kiangazi kambale hushuka kwenye mkondo wa zamani wa mto, chini kabisa, na chambo kikipita juu yao hawajisumbui.

Mwaka ule wa ukame tulirudi mikono mitupu wiki nzima. Mwenyekiti wetu, Mzee Awadhi Hiza, akatangaza kikaoni kuwa mambo yakiendelea vile ndoano zitawekwa kando, liletwe kokoro, wavu ule unaozoa mpaka vifaranga. Bi Evodia alisimama, akampa shikamoo yake kwa adabu zote, kisha akamwambia kokoro litaingia bwawani siku yeye atakapokuwa ametolewa. Mzee alibaki kuchezea kofia yake.

Kosa la kurudi mikono mitupu lilikuwa letu wapiga kasia. Wengi tumekulia kwenye mkonge, na kasia tulizipiga kwa nyimbo za kukatia mkonge, ambazo kila ubeti unaongeza kasi. Tulijiona mafundi kwelikweli. Kumbe mashua ikikimbia, maji yanaunyanyua mshipi, chambo kinapanda, kambale wako chini wamelala zao. Bi Evodia aliligundua hilo kwenye kona. Mashua ilipogeuka, mshipi wa upande wa ndani ulipunguza mwendo, ukazama, na papo hapo ukavutwa. Akatuamuru tunyamaze.

Muhsin, mwimbishaji wetu, alinuna, akadai kasia haziendi bila wimbo. Bi Evodia akamwagiza aimbe wa kubembelezea mtoto. Basi wanaume wazima na ndevu zetu tukapiga kasia kwa wimbo wa kulaza mtoto, na watu wa ukingoni walitucheka mpaka wakakaa chini. Siku chache baadaye walikuwa kwenye foleni ya samaki, hakuna anayecheka. Mzee Awadhi alikuja mwenyewe kuchagua kambale wake, na habari ya kokoro ikazimika.

Sasa kuna maneno huko Segera, kwenye vibanda vya samaki, kwamba mama akiondoka tu kokoro linaingia. Inasemekana yuko mtu ameshalinunua, na leo ni mgeni wetu hapa ukumbini, kwenye hafla hii ya kumuaga mama. Tunamjibu mbele ya watu wote: akaliuze.

Bi Evodia, ahsante kwa kila samaki mchanga uliyemwacha akue. Umetukera, umetufundisha, na tunakupenda. Nenda kapumzike, mama. Afya na furaha zisikupungukie. Ukisikia kelele bwawani usihangaike kuja. Ni sisi, tunamtoa mtu na wavu wake.

Jacob Rehani, kwa niaba ya wapiga kasia