Kopo Linakwenda Nyumbani

Mheshimiwa Mkurugenzi wa kiwanda chetu cha nguo, wakuu wa idara, ndugu wageni waalikwa, mafundi wenzangu, mama yangu uliyekaa hapo mbele, na wewe mzee tunayekuaga leo, ambaye wenzako wanakuita Kopo na mimi nakuita baba: wakubwa shikamooni, na wengine habari za mchana.

Nani hapa hajamwona mzee huyu akipita kati ya mitambo na kopo lake la mafuta la mdomo mrefu, akiipa kila beringi tone lake na kuisemesha kama mgonjwa? Mimi nilisomeshwa na kopo hilo. Kisha nikarudi kutoka chuoni na utando unaojilainisha wenyewe, tabaka jembamba, kavu, linalopakwa juu ya chuma, ambalo kadiri linavyosuguliwa ndivyo linavyotoa ulaini wake, bila tone la mafuta wala doa kwenye kitambaa. Mtoto gani huyo, asomeshwe na kazi ya baba yake, halafu aje kuifuta? Baba hakunilaumu, ila kila asubuhi aliendelea kulijaza kopo lake.

Mtaniwia radhi nikiusema ule mtambo wa majaribio, wa kwanza kupakwa utando huo. Ulipata moto, ukagoma, na wakubwa wakawa tayari kuukataa utando wangu. Baba angenyamaza tu, kazi yake ingebaki. Lakini alivua kofia mbele ya kikao akasema, "Utando hauna kosa, kosa langu. Nilikuwa nautilia mtambo mafuta kwa siri. Nilikionea huruma chuma, kinazunguka kutwa hakijanywa kitu." Mafuta hayo ndiyo yaliyonasa vumbi la pamba na kuganda kama gundi.

Mnacheka, na mwenyewe anacheka. Mimi siku ile nililia, maana uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mzazi huyu aliitoa kazi yake ili yangu iishi. Baba, nakupenda, na leo nalisema mbele za watu.

Sasa anauliza kesho atafanya nini. Juzi nilitaka kuipaka utando cherehani ya mama, inayolia kila jioni. Mama akanishika mkono. "Iache hivyo hivyo, mwanangu. Ikijilainisha yenyewe, baba yako atakuja kukaa karibu yangu kwa kisingizio gani?"

Mheshimiwa Mkurugenzi ameturuhusu kulichukua kopo. Mama analo pale mapajani, limejaa. Nyote mlionitegea sikio, asanteni sana. Na wewe baba, twende nyumbani, cherehani inalia.