Chuo cha Ghorofani kwa Akbarali

Kijiwe cha Makoroboi, hapo Mwanza mjini, ni benchi moja, birika la kahawa na ubishi usiolipiwa kodi. Siku hizi kila kitu ruksa: redio za watu binafsi, benki za watu binafsi. Basi Mwalimu Venant naye akaacha kazi yake nzuri ya kufundisha chuo cha serikali, akapanga chumba ghorofani kwa Akbarali muuza vitenge, akaandika mlangoni CHUO CHA BIASHARA. Kilichokosekana ni wanafunzi tu. Ijumaa hiyo alishuka akaketi na kikombe chake, roho nzito: Akbarali kampa mpaka Jumatatu. Darasa lisipopata watu, chumba kinarudi kuwa stoo.

— Tatizo lako bendera, alisema Maige, tunayemwita Waziri ingawa shule aliiaga darasa la tano. Chuo bila bendera ni duka.

— Kweli wanauliza, Venant akakiri. “Cha serikali?” Nikisema hapana, wanashuka ngazi.

— Halafu unataka watu wazima, Maige akaendelea. Samaki mkunje angali mbichi, Mwalimu. Wewe unakunja kayabo, samaki aliyekwisha kaushwa kwa chumvi.

Mzee Mihayo, aliyecheza ngoma Bujora mpaka magoti yakagoma, akakohoa.

— Kwetu Usukumani vikundi viwili vya ngoma vinacheza uwanja mmoja, siku moja. Watazamaji wakihamia kwako, umeshinda. Kialike hicho chuo cha serikali uwanjani. Wao wafundishe huku, wewe kule.

— Mzee wangu, hesabu za biashara hazichezeki.

— Vaa chatu shingoni kama wacheza ngoma wa Bujora, Maige akadakia. Fundisha masoko na chatu. Nani atabaki kwa wenzako?

— Na mtihani je?

— Atakayekuwa hajakimbia, kafaulu. Subira yavuta heri.

Venant alicheka, huku akiyaona tayari marobota ya vitenge yamerudi juu ya madawati yake.

Ndipo akasimama mbele yao mwanamke mwenye kikapu, Gladness, karani wa ushirika wa pamba hadi walipompunguza kazi.

— Shikamooni. Namtafuta mwenye chuo.

— Marahaba. Huyo hapo, mzee akaonyesha kwa mdomo.

— Mwalimu, nikimaliza kwako, nani ataniajiri?

Maige alifungua kinywa, akakifunga. Jambo hilo halijawahi kutokea Makoroboi. Mzee Mihayo akachungulia kikombe chake. Venant alikuwa na majibu mazuri, yote ya kule alikotoka. Akayaacha hukohuko.

— Sijui, dada yangu.

Gladness akamtazama vizuri.

— Nilipoanza chuo cha serikali niliuliza hivyo hivyo. Walinijibu hata sijamaliza kuuliza, na leo sina kazi. Akahamisha kikapu mkono wa pili. Wenzangu niliopunguzwa nao kazini wapo pale kona, walinituma nije nikusikilize kwanza. Niwaite?

Mwalimu akajaza kinywa kahawa.

— Waite, mama, alisema Mzee Mihayo. Huyu atawajibu akishameza kahawa.