Biskuti za Ludovika

Jumapili hiyo pale Basotu, kwenye ubao uliolazwa juu ya rimu mbili za trekta lililochoka kulima ngano ya serikali, wanaume watatu walikuwa na birika moja la kahawa na maneno ya kujaza pipa. Yoakimu, fundi wa matrekta waliyemwita Spana, alikuwa ametoroka misa ya Komunyo ya Kwanza kwa sababu moyo ulikataa kutulia. Kikombe chake kilipoa mkononi.

Hofu yake ilikuwa biskuti. Ludovika, bintiye Nesi Verdiana, hagusi maziwa wala mayai. Pasaka iliyopita alionja funda moja la chai ya maziwa, midomo ikavimba na pumzi ikakatika, mama yake akahangaika kumwokoa mpaka jioni. Na ni Verdiana huyo huyo aliyemzalisha Hilaria, mke wa Yoakimu, siku ambayo wengine walishakata tamaa. Sasa mtoto anapokea Komunyo, na Hilaria ameapa kwamba leo mtoto huyo hatakaa pembeni akitazama wenzake wakila. Mke wa mtaalamu wa Kikanada alimfundisha biskuti za chokoleti zisizookwa: sukari, kakao na mafuta ya alizeti vichemke, vitiwe karanga zilizosagwa na oti, zile punje bapa za uji wa Wazungu, kisha vimwagwe kijiko kijiko kwenye sinia vigande vyenyewe. Hilaria alipika alfajiri. Kazi ya sinia alimwachia mumewe.

— Zilikuwa laini bado nilipotoka, alisema Yoakimu. Zisipoganda, tumeaibika.

Wenzake hawakujali kuganda. Walitaka kujua mtoto gani anakataa maziwa. Hermani, ambaye kwa kuendesha mashine ya kuvunia walimwita Kombaini, alikuwa na jibu tayari.

— Ni ile ndege inayopuliza dawa shambani. Dawa inaingia kwenye majani, ng'ombe anakula, mwili wa mtoto unashtuka. Sisi tumeshazoea sumu.

Mzee Gidahosh alitikisa kichwa. Yeye alichungia ng'ombe nyanda hizo za ngano kabla hazijalimwa, na kila jambo kwake lilianzia hapo.

— Ng'ombe wamenyang'anywa malisho. Wana kinyongo. Kinyongo kinashuka kwenye maziwa, kinamtafuta mtoto wa mtumishi wa serikali.

Kombaini akaongeza kwamba basi hata ngano ina kinyongo, ndiyo maana mkate wa siku hizi hauumuki. Yoakimu alitamani kuwanyamazisha.

Hapo akafika Ignasi, dereva mgeni wa lori la ngano, kijana kutoka kijiji cha Daudi. Akamwamkia mzee shikamoo, akawasalimu wengine, akauliza kinachobishaniwa. Walipomweleza, alicheka kidogo.

— Mama yangu akipika kashata, hupaka sinia kwanza zisinate. Nyie mlipaka nini?

Yoakimu alinyanyua uso. Hilo alilifanya vizuri, na hakuna aliyekuwa amemsifu.

— Samli. Nilipaka safi kabisa, kama mama yangu alivyokuwa akipaka vyombo vyote nyumbani.

— Sasa samli si maziwa?

Kwa wanaume wale watatu maziwa ni ya kunywa, na samli ni samli tu. Hakuna aliyewahi kuvikalisha pamoja.

Upande wa kanisa wimbo ulikoma, watoto wakaanza kupiga kelele wakielekea kwa nesi, kwenye karamu.

Yoakimu aliangusha kikombe akakimbia, kiatu kimoja kikabaki vumbini. Nyuma yake Kombaini alikuwa ameshaanza kueleza kwamba samli ikipita motoni husahau ng'ombe wake, lakini hakuna aliyemsikiliza. Tangu alfajiri Yoakimu alikuwa amemwomba Mungu biskuti zigande. Sasa, akikata kona ya zahanati, alimwomba kwa machozi ziwe bado uji, Hilaria aone aibu kuzitoa.