Dada Polepole na Koti Lisilo na Mshono

Ndugu wafiwa, majirani na wote mlioacha shughuli zenu kuja kutufuta machozi, mimi ni mdogo wake marehemu, fundi cherehani, nimepewa wasifu wake nisome kwa kuwa eti sauti yangu inafika nyuma.

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1966, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, akaanza shule ya msingi Januari 1973, akahitimu shahada ya kemia mwaka 1990, na mwaka huohuo akaajiriwa katika maabara aliyoitumikia hadi mwisho. Alifunga ndoa na shemeji yetu, mpima ardhi, tarehe 13 Juni 1992, wakajaliwa mabinti wawili.

Kazi yake sikuielewa mpaka aliponieleza kifundi, kwamba huchukua chembe za plastiki za mviringo, ndogo hata elfu moja zikipangwa mstari hazivuki kichwa cha pini, akazivisha koti la kioo, kisha akazichoma kwenye tanuru, plastiki ikateketea yote, koti likabaki limesimama, tupu ndani, tayari kutiwa dawa itakayoachiliwa mwilini kidogo kidogo. Jamani! Miaka thelathini nashona, sijaona koti linalosimama bila mwenyewe, tena lisilo na mshono. Zile chembe aliziita kalibu, yaani umbo la kuvishia koti, na siri yake ilikuwa kupandisha joto kwa nyuzijoto moja kila dakika, kisha kuacha tanuru lipoe lenyewe, ndiyo maana wenzake wakambandika jina la Polepole.

Tarehe 18 Agosti 2018, siku ya harusi ya binti yake mkubwa, nilimfuata maabara nikamfokea kwamba wageni wanangoja, akafungua tanuru kabla halijapoa, kazi ya wiki tatu ikapasuka yote. Alicheka tu, akasema haraka haraka haina baraka, hasa kwenye kioo. Mimi iliniuma, na inaniuma hadi leo.

Aliugua figo tangu mwaka jana. Asubuhi ya tarehe 7 Mei 2024 alipitia maabara, akawasha tanuru, ndipo akakubali kulazwa, na kesho yake saa tisa alasiri akafariki, neno lake la mwisho kwangu likiwa kuuliza kama tanuru limefunguliwa, nikamwambia halijaguswa.

Tunawashukuru madaktari, majirani waliolala nasi, na wenzake wa kazini, waliosubiri hadi jana likapoa kabisa, wakafungua, wakaniita nitazame kwenye darubini. Makoti yote mazima, ndugu zangu, hakuna hata moja lililopasuka.

Dada, pumzika kwa amani, safari hii sikuharakishi.