Wimbo Mmoja Kabla ya Kondoa

Kijiwe chetu kiko Makole, barazani kwa Abdulnasiri anayeuza vipuri vya baiskeli: benchi moja refu, jiko la mkaa, na kigoda cha Swamadu muuza kahawa. Mwezi wa nane upepo wa Dodoma hauna adabu, unakutilia vumbi kwenye kikombe kabla hujapuliza kahawa yako. Jumamosi hiyo saa nane mchana tulikuwa watano, na katikati ya benchi, mahali ambapo mtu mzima angekaa vizuri tu, palikaa sanduku lililofungwa plastiki, juu ya plastiki kanga, juu ya kanga plastiki nyingine, na kamba ya katani yenye mafundo ya kufungia ng'ombe. Ndani mlikuwa na gramafoni ya umeme ya marehemu Mzee Seleman, baba yake Abdulnasiri, Nasiri wetu. Saa tisa gari lilikuwa linakuja kumchukua mama yake Nasiri, Bi Mwantum, ahamie Kondoa kwa binti yake Stara, maana macho yamepungua nguvu na Stara yuko nyumbani mchana kutwa. Bi Mwantum hakuomba makubwa. Alisema anataka kusikia santuri yake moja, ile ile, kabla ya kupanda gari. Nasiri badala ya kuiweka akaja kutuuliza sisi.

Nasiri: Jamani, nifungue nisifungue?

Wa kwanza kurukia alikuwa Sostenes. Huyu amestaafu kazi ya kupima mvua, na sisi tunamwita Hali ya Hewa.

Hali ya Hewa: Usiguse! Huo upepo unauona? Umepita Chamwino kote huko, umebeba mashamba ya watu. Vumbi likishaingia kwenye mifereji ya santuri, ndio basi tena. Subiri jioni upepo utulie.

Nasiri: Jioni mama yuko Kondoa.

Hali ya Hewa: Basi subiri mvua za Desemba. Ikinyesha siku mbili tatu, hewa inatakata. Hapo unacheza mpaka mwenyewe unachoka.

Nasiri: Mzee Sosi, gari linakuja saa tisa. Leo.

Hali ya Hewa: Mimi nimekwambia hali ya hewa. Mambo ya gari kamuulize dereva.

Nasiri akainuka, akaenda hadi ukingo wa baraza, akaangalia barabara, akarudi, akapangusa sanduku kwa kiganja. Hajakaa vizuri akainuka tena. Mwaka mzima alikuwa hivyo. Marehemu baba yake alikuwa akiicheza gramafoni ile kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana, dirisha wazi, vumbi linaingia litakavyo, na santuri anaifuta kwa shati alilovaa. Alipofariki, Nasiri akairithi pamoja na santuri thelathini na moja, akaipeleka kwa fundi ikabadilishwa mkanda. Sindano mpya ikaagizwa Dar, ikaja kwa basi imeviringishwa pamba. Fundi akamwambia sindano ina saa zake, zikiisha imekwisha. Kuanzia hapo mwenzetu akaingiwa na hofu. Kila mgeni alionyeshwa gramafoni, akaruhusiwa hata kunusa mbao zake, lakini hakuna aliyesikilizishwa. Na mimi nilikuwemo. Siku tulipomaliza arobaini nilimshika bega nikamwambia, "Kitu kama hiki usikiguseguse ovyo, hii ni kumbukumbu." Nilijiona nimesema la maana sana.

Fundi mwenyewe ndiye Damiani, mtu wa Kwa Mtoro, anatengeneza redio na simu. Jina lake la kijiweni ni Koili.

Koili: Mimi vumbi siliogopi kabisa. Mimi naogopa umeme. Msikilizeni yule anayechomelea mageti hapo nyuma. Kila akigusa chuma, umeme wa mtaa mzima unashuka, gramafoni inapunguza mwendo. Mwimbaji ni mwanamke au mwanaume?

Nasiri: Mwanamke.

Koili: Atatoka mwanaume. Tena mwenye mafua.

Swamadu: Si akaambiwe azime kidogo?

Koili: Akizima ndio kimenuka. Umeme unaruka juu ghafla, mwimbaji anatoka mbio, anamaliza wimbo mama hajakaa. Hapa inatakiwa stabilaiza. Sio hizi za televisheni, ile kubwa ya friji la bucha.

Nasiri: Nitaipata wapi sasa hivi?

Koili: Bucha.

Nasiri: Watanipa?

Koili: Hawawezi kukupa. Friji lina nyama.

Mimi: We Koili, wakati unaitengeneza si uliijaribu? Ilicheza vipi?

Koili: Niliijaribu. Nilichomeka, ikazunguka.

Mimi: Na sauti?

Koili: Sauti ya nini? Nimekwambia ilizunguka. Santuri zilikuwa kwake.

Kutoka ndani, nyuma ya pazia, tukamsikia Bi Mwantum. Alikuwa ameshavaa baibui lake tangu saa sita, amekaa juu ya begi.

— Nasiri, mmefika wapi?

— Tunaandaa, mama!

— Haya.

Swamadu akamimina kahawa duru ya pili. Jina lake kamili ni Abdulswamadu, na anaheshimika kwa sababu ndiye mwenye birika.

Swamadu: Nyie wote mnazunguka mbuyu. Tatizo ni mtetemeko. Malori ya kokoto yanapita hapo chini kutwa, mimi vikombe vyangu vinaniambia. Lori likipita, sindano inaruka, inachana wimbo. Dawa yake gunia la uwele. Unaweka gramafoni juu ya gunia, uwele unameza mtetemeko wote.

Hali ya Hewa: Kwa nini uwele? Kwa nini usiwe mchele?

Swamadu: Punje ya mchele ndefu, inapitisha. Ya uwele duara, inajizungukia yenyewe huko huko ndani.

Koili: Na liwe gunia la msimu huu. La mwaka jana lina wadudu, watatembea chini ya mashine.

Ungedhani Nasiri angecheka. Alitoa simu akampigia shemeji yake aliyeko Haneti, mkulima. Tukamsikia anasalimia, anauliza watoto, anauliza mifugo, kisha anaeleza habari ya gunia. Shemeji akasema uwele upo, tena mzuri, ataupakia kwenye gari Jumatatu.

Nasiri: Anasema Jumatatu.

Swamadu: Si mbali.

Nasiri: Swamadu!

Swamadu: Nimesema tu, kaka. Jumatatu si mbali.

Ilikuwa saa tisa kasorobo. Nasiri akaanza kufungua fundo moja, akaliacha, akamtazama Hali ya Hewa usoni. Kwa sababu gani alimtazama yule mzee sijui, maana mzee naye alikuwa anasubiri zamu tu.

Hali ya Hewa: Halafu mmesahau mwinuko. Sisi hapa tuko juu, mita elfu moja na mia moja na ushee kutoka usawa wa bahari. Santuri hizi zimetengenezwa pwani. Hewa ya pwani nzito, inabeba sauti. Ya huku nyepesi, sauti inadondoka njiani kabla haijafika sikioni.

Nasiri: Mbona marehemu alikuwa anaicheza humu humu ndani?

Hali ya Hewa: Alikuwa anasikia nusu.

Nasiri: Nusu?

Hali ya Hewa: Nusu. Ile nyingine ilikuwa inaanguka hapo sakafuni.

Mimi: Na Kondoa je? Maana nilitaka kusema aende nayo huko huko.

Hali ya Hewa: Kondoa ni juu zaidi! Akifika nayo kule hasikii kitu, ataona sahani inazunguka tu. Anayetaka kuusikia wote ateremke Bahi.

Swamadu: Bahi kuna mbu.

Hali ya Hewa: Mbu hawazuii muziki.

Koili alikuwa ameinama anachora kitu vumbini kwa kijiti. Nikajua linakuja kubwa. Koili akinyamaza ni kwamba anapakia.

Koili: La kwangu la mwisho, halafu sisemi tena. Santuri inatengenezwa kwa kitu gani? Kwa sindano. Sindano ndiyo inachonga ile mifereji. Sasa sindano iliyoandika na sindano inayosoma tofauti yake nini? Hakuna. Ukiicheza hapa sisi tunabishana, sauti zetu zinaingia mle. Zinakaa milele. Siku nyingine mama anaweka wimbo wake, anamsikia Swamadu ananadi kashata.

Swamadu: Tangazo la bure hilo.

Nasiri: Koili, wewe ni fundi. Unasema kweli au unanipiga kamba?

Koili: Nasema usije ukasema sikukwambia.

Nasiri: Kwa hiyo nikiicheza naiharibu?

Koili: Ukiicheza vibaya.

Nasiri: Na vizuri ndio vipi? Niambieni moja, jamani! Moja tu nifanye!

Tukamwambia nne kwa mpigo. Mimi nilikuwa nataka apige ndani, chumbani, madirisha yote yamezibwa mablanketi. Nilikuwa napaza sauti kuliko wote, na ninaona aibu kuliandika hili, lakini wakati ule niliona kama ushindi ni wangu.

Katikati ya kelele hizo likasimama gari dogo jeupe. Dereva, kijana wa watu anaitwa Rodgers, akashuka.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba.

Akapakia begi, ndoo yenye mfuniko na mkeka uliokunjwa. Bi Mwantum akatoka akishika ukuta, Nasiri akamkimbilia akampeleka mpaka kiti cha mbele. Hakuuliza tena habari ya santuri. Alikaa akaweka mikono mapajani, dirisha limeshushwa, uso umeelekea kwetu. Rodgers akachukua kikombe cha kahawa akasimama karibu na jiko.

Rodgers: Bibi ameniomba nisubiri kuna wimbo mmoja ausikie kwanza. Mimi sina neno, ila nina abiria wengine wawili nawapitia mjini. Kwani wimbo wenyewe una dakika ngapi?

Alituuliza vile kwa wema kabisa, anapuliza kahawa yake.

Hali ya Hewa akatazama juu. Koili akaanza, "Inategemea na…" akaishia hapo. Swamadu akashika birika, akakuta halina kitu, akalishika hivyo hivyo. Mimi nikamtazama Nasiri, wote tukamtazama Nasiri.

Nasiri: Sijui.

Rodgers: Hujawahi kuusikia?

Nasiri: Nimeusikia tangu nazaliwa. Ila nilikuwa sikai. Utotoni nilikuwa nakimbilia mpira, nilipokuwa mkubwa nikawa nakimbilia duka. Siku zote natoka haujaisha. Na tangu nimekuwa nayo mimi…

Akapiga magoti mbele ya benchi akayavamia yale mafundo. Lilipokataa la kwanza akatumia meno. Rodgers akampa kisu kidogo, kamba ikakatika, plastiki ikachanwa, kanga ikatupwa, plastiki ya pili ikachanwa. Sanduku likatokea linang'aa, halina hata chembe ya vumbi. Akainua kifuniko. Koili naye akapiga magoti pembeni yake, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alisema jambo la kazi.

Koili: Sindano iko wapi?

Nasiri akakaa chini kabisa, sakafuni. Sindano ilikuwa kwenye pamba, pamba kwenye kiberiti, kiberiti kwenye kabati la mkewe Shamimu. Na Shamimu alikuwa ameondoka asubuhi kwenda sokoni Majengo, ufunguo kaufunga kwenye ncha ya kanga yake kama siku zote. Nasiri akapiga simu. Simu ya Shamimu ikalia ndani, mezani.

— Navunja kabati, akasema. Dakika moja tu, mama! Navunja!

— Nasiri.

— Dakika moja!

— Nasiri, njoo hapa.

Akaenda. Bi Mwantum akatoa mkono dirishani, akapapasa mpaka akapata kichwa chake.

— Usivunje kabati la mke wa mtu. Watu wanamsubiri dereva. Nitauimba mwenyewe njiani.

— Mama, nisamehe.

— Nimekusamehe tangu zamani. Kanywe kahawa yako na wenzako.

Sijawahi kuichukia kahawa kama siku ile. Rodgers akarudisha kikombe, akaingia, akawasha gari, na kabla ya kuondoka akazima redio yake. Nasiri akawa anatembea pembeni, mkono juu ya mlango. Pale mtaani pana matuta matatu, gari linakwenda taratibu, kwa hiyo tulimsikia vizuri Bi Mwantum alipoanza kuimba. Sauti ilikuwa nyembamba lakini haikuyumba. Haikujali upepo wala yule wa mageti, na lilipopita lori la kokoto aliendelea tu. Kwenye tuta la tatu Nasiri akaachia mlango, akasimama katikati ya barabara.

Pale benchini Koili alikuwa ametoa simu, anahesabu urefu wa wimbo. Ilikuwa dakika moja na sekunde arobaini gari lilipokata kona, na Bi Mwantum alikuwa bado anaimba.