Mwalimu Perez na Mafuta Yaliyogeuka Waridi

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama kuna chungu jikoni, kipunguzieni moto kidogo, kisha mkae nasi. Leo tunamkumbuka Mwalimu Perez Adhola, mwanamama aliyefundisha kemia hapa Kisumu kwa zaidi ya miaka thelathini. Alifariki Jumanne kwa maradhi ya moyo, akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja. Ndiyo, tunaomboleza. Lakini kila tuliyezungumza naye wiki hii alianza kwa machozi akamaliza kwa kicheko.

Perez alizaliwa Asembo Bay. Mama yao alipofariki, alilelewa na dada yake mkubwa, Seline. Seline ndiye aliyeacha shule ili Perez abaki darasani. Kumbukeni hilo, wasikilizaji: Seline aliacha, Perez akasoma.

Viwanda vya minofu vilipofunguliwa mjini miaka ya themanini, nyama ya mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani, ilisafirishwa ng'ambo. Sisi tukabakiwa na kichwa na mifupa, tuliyoiita mgongo wazi. Seline akaanza kuikaanga mtaani Obunga. Kina mama wa hapo walikuwa na desturi yao. Mafuta ya jana hayamwagwi. Yanaongezwa mapya juu yake, na kesho tena, na kesho kutwa. Walisema mafuta ya zamani ndiyo yanayompa samaki rangi. Na mwanamke mpya akianza kazi, mkubwa wao humchotea upawa mmoja kutoka sufuria yake mwenyewe. Hiyo ndiyo baraka. Na mkubwa wao alikuwa Seline.

Mwaka 1988 Perez alihudhuria mafunzo ya walimu Nairobi. Alirudi akiwa na jambo moyoni. Darasani alitundika uzi mrefu wa shanga za rangi nne. "Hii ndiyo DNA," aliwaambia wanafunzi. "Shanga zimepangwa, na mpangilio wake ndio maagizo ya mwili." Kisha akawaeleza: mafuta yakichemshwa mara nyingi huvunjika, na mojawapo ya vipande vyake ni sumu iitwayo malondialdehaidi. Sumu hiyo hung'ang'ania shanga moja, guanini, ikaiharibu umbo. Seli ikija kunakili maagizo, inasoma vibaya. Makosa yakirundikana, saratani inaweza kupata mlango.

Alifundisha hayo huku akimfikiria mtu mmoja. Dada yake.

Angemwambiaje? Upawa ule ndio uliokuwa heshima ya Seline. Akimwambia, angeweza kumpoteza. Kunyamaza kungemwacha aendelee kuwagawia wengine.

Siku ya wazazi, mwaka 1989, Perez aliwaalika kina mama wa Obunga shuleni, kila mmoja na mafuta yake. Kuna dawa ya maabara ambayo ukiichanganya na mafuta na kuipasha kwenye maji moto, hugeuka rangi ya waridi palipo na sumu ile. Sumu ikizidi, waridi linakolea. Perez alitaka waone kwanza, ndipo aeleze. Hapo alikosea.

Maana neli za kioo zilipopata joto, moja ilikolea waridi kuliko zote. Ilikuwa ya Seline.

"Yawa! Yangu imekubali!" Seline akapiga vigelegele. "Si niliwaambia? Mafuta yangu yana rangi!"

Kina mama wakamshika mikono wakacheza naye katikati ya meza za maabara. Mmoja akadai na yeye apewe nafasi ya pili, eti neli yake haikupashwa vizuri. Wanafunzi walishika mbavu. Perez peke yake hakucheka. Akangoja watulie, akamshika dada yake mkono.

"Nyamera," alisema, yaani dada yangu, "hiyo rangi ndiyo sumu."

Seline alichukua chupa yake akaenda zake. Hakuaga.

Kuanzia siku hiyo Perez alikuwa akitoka shule anakwenda Obunga. Anakaa kwenye kigoda kando ya sufuria, anageuza samaki. Hasemi kitu. Seline naye hasemi kitu. Mume wa Perez, Mzee Zadock, anakumbuka: "Alikuwa anarudi nyumbani ananuka mbuta kuliko wavuvi. Namuuliza, amesema? Ananijibu, bado, lakini leo amenisogezea kigoda."

Ikafika jioni moja, Seline akasema bila kumtazama: "Wasichana wote hapa niliwachotea mimi. Ina maana niliwapa sumu?"

"Uliwapa kazi," Perez akajibu. "Sumu hakuna aliyeijua. Na sijasema mtu yeyote ataugua. Mwili una mafundi wake, nyamera. Wanakata shanga iliyoharibika, wanaweka nyingine. Tusiwaongezee kazi tu."

Seline akauliza: "Mafundi hao wanapumzika saa ngapi?"

"Hawapumziki."

"Basi ni wanawake."

Wakacheka mpaka samaki wakaungua.

Lakini baraka je? Wiki ileile Nabalayo, mama mgeni kutoka Bungoma, alikuwa anaanza kazi, na bila upawa alijiona hajapokewa. Perez akaleta magadi makali ya maabara na glavu. Mafuta ya Seline wakayageuza sabuni, kipande kwa kipande. Asubuhi Seline akamkabidhi Nabalayo kipande cha kwanza mbele ya wote. "Mafuta yangu haya hapa," akatangaza. "Lakini haya ni ya kunawa. Ya kukaangia, anza na mapya!" Nabalayo, ambaye bado anakaanga Obunga, anasema naye amewakabidhi sabuni wanawake wengi. Desturi haikufa.

Jana tulimkuta Mama Seline nyumbani Asembo Bay. Alituambia: "Angeweza kunisema aende. Lakini alikaa."

Wasikilizaji wapendwa, Mwalimu Perez Adhola atazikwa Jumamosi, Asembo Bay. Tunampa pole Mama Seline, Mzee Zadock na watoto, kina mama wa Obunga, na wanafunzi wake wote walioko kila pembe ya nchi. Mungu awafariji.

Nasi tujiulize: ni nani tunayempenda, ambaye tumemficha ukweli kwa kuogopa uso wake? Tumwambie. Kisha tuvute kigoda, tukae naye mpaka hasira imwishe.